Uliza Mlima Kabla Hujachagua Rangi

   

Leo tuzungumze juu ya rangi za maua. Maua ya kufunga shada, na maua ya kuweka ndani ya nyumba. Kwa nini leo? Kwa sababu masika inatuaga. Mvua zikikata na mavuno yakiingia, tunajua kinachofuata hapa kwetu Morogoro: kamati. Kamati ya harusi, kamati ya sendofu, kamati ya kipaimara. Na katika kila kamati liko swali linaloweza kuwakalisha watu mpaka saa nne usiku: rangi zetu ni zipi?

Hapo mtu anatoa simu. Anaonyesha picha. "Tunataka kama hivi." Picha yenyewe imepigwa nchi ya mbali, majira ambayo sisi hatuna, maua ambayo hayajawahi kuoteshwa hapa. Mpambaji anaitazama, anaguna, anasema, "Haya mama, tutajitahidi." Siku ya sherehe ikifika, ukumbi mzima umejaa maua ya plastiki, maana ni plastiki pekee iliyopatikana kwa rangi ile. Ndugu zangu, jambo hili linaniuma. Linaniuma kwa sababu tunaishi chini ya mlima ambao hakuna mwezi unaokosa ua.

Kwa hiyo nina neno moja leo, na nitalirudia ili hata atakayefungulia redio katikati ya mazungumzo alipate: usianze na rangi, anza na majira. Uliza kwanza ni nini kimechanua. Ukishajua, ndipo uulize ua hilo litakaa wapi na litatazamwa saa ngapi. Ukiyajibu hayo, suala la rangi litakuwa jepesi.

Tuanze na mlima wetu, Uluguru. Hapa mjini tuko kwenye mita 500 na ushee kutoka usawa wa bahari. Inua macho utazame Bondwa, kile kilele chenye minara: pale ni zaidi ya mita 2,100. Ukienda kusini zaidi, Kimhandu inapita mita 2,600. Maana yake nini kwa mfunga maua? Maana yake ni kwamba kwa safari ya saa chache tu unatoka kwenye joto la kukaushia mahindi ukaingia kwenye baridi ya kuvaa sweta. Na upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, upepo wa bahari hushusha mvua karibu mwaka mzima, wakati upande wa magharibi, Mgeta, ni mkavu zaidi. Mlima mmoja, hali za hewa nyingi.

Baridi hiyo ina kazi kubwa katika rangi. Nyekundu, zambarau na buluu za maua mengi hutokana na kitu kinachoitwa anthosayanini, kilichomo ndani ya petali. Kitu hiki hupenda ubaridi, hasa ubaridi wa usiku. Ndiyo maana waridi lililokua mahali pa baridi huwa na wekundu mzito, ule tunaouita damu ya mzee, na waridi la aina ileile likikulia bondeni kwenye joto hutoka na wekundu uliopauka. Njano ni habari nyingine. Njano ya alizeti hutokana na karotenoidi, ndugu wa karotini iliyomo kwenye karoti, na yenyewe huvumilia joto na jua bila kulalamika. Basi ukiwa mtu wa huku chini, Kihonda au Mkundi, na unataka maua ya kukua mbele ya nyumba yako na kubaki na rangi yake, jua kwamba njano na rangi ya chungwa ni rafiki zako wa kudumu. Nyekundu nzito na zambarau, waachie watu wa juu wakuoteshee, wewe ununue.

Sasa majira yenyewe. Twende nayo kama tunavyoishi, wala si kama kalenda ya ukutani inavyosema.

Masika inapoishia, kama sasa, rangi ya nchi ni kijani na njano. Tazama alizeti shambani. Tazama alizeti mwitu kando ya barabara za kupanda mlimani, vichaka vizima vimewaka njano. Watu wanapita wanaviona magugu. Kata matawi kumi ya alizeti mwitu asubuhi na mapema, ondoa majani ya chini, yatumbukize mara moja kwenye ndoo ya maji, kisha yapange kwenye jagi la udongo. Utapata pambo la sebule lenye furaha ambalo hukutoa hata senti moja. Majani yake yana harufu kali ukiyavunja, kwa hiyo yapunguze, acha ua na shina.

Ikija Juni mpaka Agosti, kipupwe, hewa inapoa, mawingu yanakaa mlimani, na mwanga wenyewe unakuwa mtulivu. Huu ndio msimu wa sherehe na ndio msimu bora wa rangi laini: nyeupe, rangi ya maziwa, waridi hafifu, zambarau ya maji. Unauliza kwa nini? Kwa sababu jua la kipupwe haliziui rangi hizi. Ukiziweka rangi laini kwenye jua la Januari saa saba mchana, zote zitaonekana nyeupe chakavu. Ukiziweka kwenye mwanga wa Julai, utaiona kila tofauti ndogo. Kwa hiyo bibi harusi wa Julai anayependa rangi laini, hongera, majira yako upande wako. Bibi harusi wa Januari, nakuomba ufikirie tena.

Septemba mpaka mwanzo wa vuli nchi imekauka, vumbi jekundu limetanda, na hapo miti huchukua zamu. Mijakaranda inavaa zambarau. Mabogenvilia, ambayo wakati wa mvua yalikuwa majani matupu, sasa yanapasuka rangi: majenta, chungwa, nyeupe. Bogenvilia hupenda kuteswa kidogo, ukiimwagilia kila siku utapata majani tu. Na hapa kuna jambo wengi hawalijui. Kile tunachokiita ua la bogenvilia si ua. Ni majani membamba yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni ule mrija mdogo mweupe katikati. Faida yake kwetu ni kwamba majani haya hayaozi upesi kama petali. Hukauka yakabaki na rangi. Tawi la bogenvilia lililokaushwa kivulini, kichwa chini, huweza kukaa nyumbani majuma mengi.

Halafu vuli, halafu Desemba. Nani asiyeujua mkrismasi? Mti huu asili yake ni Madagaska, lakini sisi tumeupa jina letu kwa sababu unachanua wakati wa Krismasi, mwekundu juu mpaka chini, na majani ya kijani kibichi pembeni. Nchi za baridi hutafuta nyekundu na kijani kwenye matunda ya vichaka vya wakati wa theluji. Sisi tumepewa barabarani. Matawi yake, nikiri, hayakai sana kwenye maji, siku moja au mbili petali zinaanguka. Lakini kwa meza ya chakula cha Krismasi, siku moja inatosha. Kata asubuhi ileile.

Mpaka hapo tumejibu swali la kwanza. Narudia: ni nini kimechanua? Tuingie ndani ya nyumba sasa, maana hapa ndipo makosa mengi yanapotokea na ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Ua utakalolinunua sokoni saa tatu asubuhi, kwenye mwanga wa wazi, si ua utakaloliona sebuleni saa mbili usiku. Umewahi kununua kitenge dukani, ukafika nyumbani ukaona kimebadilika? Ndivyo yalivyo maua. Na sebule zetu nyingi zina giza. Tumeweka paa la mbele kukinga jua, tumeweka nondo, tumeweka wavu wa mbu, tumeweka pazia mbili. Mchana ndani ni nusu giza. Sasa wewe unaleta waridi za damu ya mzee na zambarau iliyokolea, unaziweka kona ya kabati. Zinapotea. Mgeni anaona kitu cheusi.

Kuna mwanasayansi wa Kicheki, Jan Purkyně, aliyeandika mwaka 1825 kwamba mwanga ukififia, jicho la binadamu huanza kupoteza nyekundu kabla ya rangi nyingine, ilhali buluu hubaki. Aliliona kwenye maua yenyewe, alfajiri: ua jekundu lililopendeza mchana lilikuwa jeusi kabla jua halijachomoza. Jaribu mwenyewe leo magharibi. Kaa barazani, tazama haibiskasi nyekundu na asumini. Giza likianza kuingia, haibiskasi inakwenda, asumini inabaki inang'aa. Kwa hiyo sebule yenye giza, na sherehe ya jioni ya uwanjani, zinataka nyeupe, njano hafifu, rangi ya maziwa. Nyekundu iwe tone tu, tena karibu na taa.

Na taa zenyewe je? Ile taa ya zamani ya mwanga wa njano huzibeba vizuri nyekundu, chungwa na njano, lakini huiua buluu na zambarau, zikawa kama kijivu. Hizi taa nyeupe za siku hizi hufanya kinyume, huipendelea buluu na kuifanya njano ionekane mgonjwa. Hivyo mpambaji mwema, kabla hajatoa bei, huuliza ukumbi una taa za aina gani. Nenda ukumbini usiku mmoja kabla ya sherehe, washa taa zote, shika ua moja la kila rangi mkononi, zunguka nalo. Ni dakika kumi. Zitawaokoa.

Jambo la ukuta nalo lina uzito. Kuta zetu nyingi ni rangi ya maziwa, au kijani nusu chini na nyeupe juu, au buluu ya bahari. Ua la rangi ileile ya ukuta huzama ukutani. Ukuta wa maziwa unapokea karibu kila kitu, ila ua jeupe unahitaji kulizungushia majani mengi ya kijani ili lipate mpaka. Ukuta wa kijani unawaka ukiuwekea nyekundu au waridi. Ukuta wa buluu unapendana na chungwa na njano. Kwa nini? Mwaka 1839 Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins jijini Paris, alichapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hili. Wateja walikuwa wakilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazijaiva. Akazipima, akakuta zimeiva kabisa. Tatizo lilikuwa jirani yake: nyuzi za rangi nyingine zilizowekwa pembeni ndizo zilizoifanya nyeusi ionekane dhaifu. Rangi, alisema, hubadilishwa na jirani yake.

Lakini msikilizaji, je, tulihitaji kungoja Paris? Fungua sanduku la bibi yako. Tazama kanga ya kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe anayovishwa bibi harusi wa pwani. Rangi tatu tu, na hakuna hata moja inayoimeza nyingine. Nyeupe imewekwa kati ili nyekundu na nyeusi zisigombane. Tazama kanga yoyote: pindo lina rangi moja inayotawala, mji una nyingine, na ya tatu inatokea hapa na pale kuziunganisha. Wanawake wa mwambao wamekuwa wakichagua kanga kwa jicho hilo tangu karne ya 19. Ukitaka mwalimu wa kufunga shada, huyo hapo, umemvaa. Rangi moja itawale, ya pili ifuate, ya tatu iwe kidogo sana. Mashada yanayonisikitisha ni yale yenye rangi saba, kila moja kwa kiasi sawa na mwenzake. Kila ua linapiga kelele na hakuna linalosikika.

Chukua mfano wa kipupwe hiki. Tuseme kamati imechagua zambarau. Vizuri. Zambarau ipi? Usiseme zambarau tu, maana ndugu mmoja ataelewa urujuani, mwingine damu ya mzee. Beba kipande cha kitambaa cha sare uende nacho kwa muuza maua. Tena zambarau isitawale shadani kama sare za wasimamizi nazo ni za zambarau, itazama kwenye nguo. Afadhali nyeupe itawale, zile lili nyeupe zenye umbo la faneli zinazopenda kingo za vijito vya milimani, kisha zambarau ifuate, halafu njano chache mno, na kijani cha kangaga kuzunguka. Bibi harusi akilishika mbele ya gauni jeupe, hizo zambarau chache na kijani ndizo zitakazoonekana kwenye picha, na lili zitashikana na gauni kuwa kitu kimoja. Hilo ndilo shada la Julai la mtu wa Morogoro, na maua yake mengi yanaweza kutoka juu hapo, kwenye bustani za miinuko ya Mgeta ambako baridi inatunza kabichi, njegere na stroberi. Waridi ukizikosa hapa, zinakuja kwa basi kutoka Arusha, kwenye mashamba ya waridi. Ziagize mapema.

Nimetaja waridi, acha niseme namna ya kulikagua. Waridi jekundu likizeeka, hasa kwenye joto, wekundu wake huanza kuelekea zambarau pembeni mwa petali. Muuzaji akikwambia, "Hii ndiyo rangi yake, dada," tazama ukingo. Bonyeza kidogo chini ya ua, pale petali zinapokutana na kikonyo. Pakiwa pagumu, ua bado bichi. Pakiwa pamelegea, hata rangi iwe nzuri vipi, kesho limekwisha.

Tuje kwenye ibada na shughuli, maana hapo rangi si suala la kupenda tu. Waumini wa Kikatoliki, kuanzia kanisa kuu la Mtakatifu Patrisi pale mjini mpaka parokia za milimani kama Matombo, wanaijua kalenda yao: zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyeupe Krismasi na Pasaka, nyekundu Pentekoste. Vijana wa kikundi cha kupamba altare, kumbukeni kwamba wakati wa Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Jumapili ya nne, ile ya furaha, na siku za sherehe na sikukuu. Napenda sana hekima ya jambo hili. Macho yanakaa bila maua majuma kadhaa, halafu usiku wa Pasaka lili moja nyeupe inaonekana kama hujawahi kuiona. Nyumbani pia unaweza kufanya hivyo. Si lazima meza iwe na maua kila juma la mwaka.

Ndugu zetu Waislamu nao wana urithi ambao ungestahili kipindi chake. Kikuba! Kikuba cha asumini, mrehani na langilangi, kinachobandikwa kifuani au nyweleni. Hapa rangi ni chache, nyeupe, kijani na njano iliyofifia, kwa sababu mwenye kazi ni harufu. Na haikutokea hivyo kwa bahati. Maua mengi meupe yenye harufu kali ya jioni huwaita nondo wa usiku, wadudu ambao rangi nzito haiwasaidii kitu gizani. Basi ukipamba sebule kwa shughuli ya usiku, kwa Maulidi au kwa mkesha wowote, weka sahani pana ya maji, mwaga asumini juu yake. Inaonekana gizani, na chumba kizima kinanukia.

Na msibani? Nitasema kwa heshima. Katika misiba mingi ya Kikristo tumezoea mashada ya karatasi na plastiki ya rangi zote. Kama familia ina uwezo wa kupata maua mabichi, hata kidogo, nyeupe na kijani vinatosha. Halafu ongeza rangi moja aliyoipenda marehemu. Mama aliyeotesha dalia nyekundu uani kwake miaka yote, kwa nini jeneza lake liende bila dalia nyekundu?

Sasa namna ya kuitunza rangi isikimbie, haraka haraka. Kata maua alfajiri, yakiwa yamejaa maji. Kata kikonyo mshazari kwa kisu kikali. Majani yatakayozama majini yaondoe yote, maana yakioza maji yanachafuka na ua linakufa na kiu huku limesimama majini. Badilisha maji kila siku. Kijiko cha chai cha sukari na matone ya limau husaidia. Na usiweke maua karibu na ndizi mbivu! Hili nalirudia kwa sababu mji wetu ni mji wa matunda. Ndizi, papai na maembe yakiiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huzeesha maua. Ua lililokaa usiku kucha juu ya kabati la ndizi litaangusha petali asubuhi, nawe utamlaumu muuzaji bure.

Kwa wale wanaootesha, kuna ua moja la kuwafurahisha, haidrenjia, lenye kichwa kikubwa cha maua madogo mengi na linalopenda ubaridi. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua nyingi, umekuwa mchachu, na katika udongo mchachu haidrenjia hufyonza aluminiamu ikatoa buluu. Mwagia majivu ya jikoni kidogo kidogo kwa miezi, uchachu unapungua, na maua yajayo yanaelekea waridi. Mmea uleule. Watu wa Mgeta mnaotaka kuongeza kitu cha kuuza pembeni mwa mboga, lifikirieni hili: buluu ya kweli ni adimu sana katika maua, na kamati za harusi zinaitafuta.

Jambo la mwisho, na hili ninalisema kwa uzito. Msituni juu kuna maua ambayo hayaoti kwingine duniani. Mnalijua lile ua dogo la chunguni la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo watu wa Tanga hulionea fahari? Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao kutoka Tanga, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia. Porini lilikuwa zambarau na buluu. Leo madirishani kote Ulaya na Marekani liko jeupe, waridi, la mistari, la kila namna, yote kwa kuchaguliwa na wakulima wa maua. Basi na sisi Uluguru tunao ndugu zake, wenye rangi iliyofifia, nyeupe na zambarau ya maji, wakiwa wameshikilia miamba yenye unyevu msituni. Mmoja wao amepewa jina la Walter Goetze, aliyekusanya mimea huku mwishoni mwa karne ya 19. Msitu huo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008. Nawaomba vijana mnaopanda Bondwa na Morningside mwishoni mwa juma: msing'oe. Ua la mwamba wenye ukungu halitaishi kwenye kopo pale Kichangani, litakufa kabla ya juma kuisha, na kule juu patabaki pengo. Lipige picha. Kisha hiyo picha, ile nyeupe yenye zambarau kidogo na kijani cha majani nyuma yake, ipeleke kwenye kamati. Sema, "Tunataka kama hivi." Rangi hizo mpambaji atazipata hapa hapa mwezi Julai.

Kamati zinazokutana Jumamosi hii, chagueni mtu mmoja aende sokoni asubuhi na kipande cha kitambaa mkononi, na mwingine aende ukumbini jioni kuwasha taa. Wakirudi na majibu ndipo mzungumzie rangi. Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kuotesha waridi kwa vipandikizi, kwa hiyo mnaopogoa siku hizi, vile vijiti msivitupe.